TAHADHARI: muuza pampu za dizeli Mwanjelwa, Mbeya, wenye maboti kaeni mbali

Jamani nimepigwa. Laki nne na nusu, mchana kweupe, na nikamshukuru juu!

Lile boti la tanga pale Matema, Ziwa Nyasa, mnalijua na kisa cha mashine yake mnakijua, inawaka vizuri, ikifika kama dakika kumi inaanza kupanda na kushuka yenyewe halafu kimya, na kama upepo haupo ndo unalala ziwani. Mimi dizeli ndo najifunza. Nikajua ni pampu ya dizeli, nikaifungua kwa kuangalia video, nikaitia kwenye salfeti, Kosta hadi Mbeya.

Jamaa kanipokea na "ugonile", kanivutia stuli. Akaizungusha pampu yangu kwa mkono huku kainamisha sikio kama anapima mimba, akaguna. "Hii imekufa mdogo wangu." Akatoa nyingine inang'aa silva, akaimiminia dizeli, akazungusha, ikatema tsii! Sasa hapo nani asingeamini? Mikono grisi tupu, duka limejaa watu, Kinyakyusa anakiongea kama bibi yangu. Nikatuma hela. Na pampu yangu nikamwachia, eti ndo kanipunguzia elfu hamsini.

Kufunga, ugonjwa uleule, na sasa dizeli inavuja. Nikafuta na tambara, rangi yote ikabaki kwenye tambara, chini kutu.

Mzee mmoja wa mashine pale ufukweni hata pampu hakuigusa. Kapitisha kidole kwenye mpira unaotoka kwenye tenki, una ufa chini ya klipu, unavuta hewa, na hewa ndo inazima mashine. Mpira elfu nane!! Akalegeza skrubu ya juu ya filta, akapampu kwa mkono, likatoka povu povu mpaka dizeli ikaja safi, akakaza. Imenguruma saa nzima. Yaani pampu yangu ilikuwa nzima na yule mwizi ndo anayo, saa hizi kashaipiga silva anamsubiria mwingine.

Huyu afungwe, tena aingie gerezani na hiyo pampu kavishwa shingoni, na waliokuwa wamekaa pale wanachekacheka nao waunganishwe humo humo. Dalili zilikuwepo sema niliona aibu kuuliza, rangi imepita mpaka juu ya nati, risiti "utaikuta ukirudi", jina lililotokea kwenye simu la mwanamke. Na ya zamani msiache, hata akigoma kupunguza.

Tangu Jumanne hapokei. Ijumaa napanda na shemeji, yule wa polisi.