Msosi wa nyumbani ukiwa mwanafunzi Leipzig: maduka niliyotumia, na begi la kutoka Moshi ulijaze nini

Aisee wadau, niko Moshi likizo na kila nikikatiza mtaani swali ni lile lile, kule Ujerumani mnakula nini, afu kuna mama mmoja mwanae anaondoka mwezi wa tisa anataka nimwambie abebe unga kilo ngapi. Jibu langu ni sifuri. Asibebe unga. Nasoma Leipzig, napika karibu kila siku kwa sababu hela hairuhusu vinginevyo, kwahiyo haya ni maoni yangu kuhusu sehemu ninazonunua chakula, yupi namrudia, yupi simrudii, na zile kilo 23 za ndege uzitumie kwa kitu gani maana watu wanazichezea sana.

Kwanza hela ieleweke. Toka Septemba 2024 ili upate viza ya masomo inabidi uonyeshe euro 11,904 za mwaka kwenye ile akaunti yao ya Sperrkonto, na ukishafika unaachiwa 992 kwa mwezi, sio zote kwa mpigo. Euro inacheza karibu na elfu 3 kwahiyo mtu wa hapa Moshi akipiga hesabu anaona umeula. Toa chumba, toa bima ya afya, toa ada ya muhula, toa bando, kinachobaki cha tumbo sio cha kutamba. Mimi nilijipangia euro 40 kwa wiki na inatosha, ila inatosha kwa sababu nishajua nani anauza nini, ningekula kwa kubahatisha ningekua naishia katikati ya mwezi.

Vitu vya kawaida kabisa nenda Aldi, Lidl, Penny au Netto na usijitese. Mchele, mayai, maziwa, viazi, karoti, kabichi, vitunguu, nyanya za kopo, maharage mekundu ya kopo, tui la nazi la kopo, vyote vipo na bei ni za kibinadamu. Mchicha upo wa kugandishwa, ila soma paketi, chukua ulioandikwa Blattspinat, ule wa Rahmspinat umeshatiwa krimu ukiuunga na karanga utashangaa mwenyewe. Na unga wa ngano kule una namba, 405 ni laini wa keki, chapati inakatika katika kama biskuti, chukua 550. Jingine, ukiona Maisstärke usidhani umepata unga wa mahindi, hiyo ni wanga tupu ya kufanya mchuzi uwe mzito, na paketi ina picha ya hindi kubwa tu inakutazama.

Chupa za plastiki na kopo za soda unalipia amana senti 25 kila moja, wanaita Pfand, ukirudisha kuna mashine inazimeza inakutolea risiti unaenda kukatia kwenye manunuzi. Sisi tuliokulia kwenye kreti za soda hatufundishwi hilo. Wenzangu wengine walikua wanazitupa, mimi nazikusanya baada ya birthday za watu hosteli na mara nyingi kuku wangu wa wiki anatoka hapo hapo.

Nyota 4 kwa hayo maduka. Hiyo moja nimekata kwa sababu Jumapili yote yamefungwa, nchi nzima, unabaki na duka za stesheni kubwa na vibanda vya petroli.

Sasa nyota 5 zote nampa Mturuki. Leipzig kuna mtaa unaitwa Eisenbahnstraße, upande wa mashariki wa stesheni kuu, umejaa maduka ya Waturuki, Waarabu, Wasiria, mimi wote nawaita Mangi tu maana ni duka la Mangi lile lile, yupo asubuhi, yupo usiku, ana kila kitu na anakujua unachonunua. Kule ndio unapata nyama yenye mfupa, sio ile minofu ya kwenye vijiboksi vya plastiki iliyokatwa kama ya mgonjwa. Bucha liko nyuma ndani ya duka, unaonyesha kwa kidole, anakukatia. Kondoo yupo, ng'ombe yupo, maini yapo, utumbo upo ila uwahi. Mbuzi ni wa bahati. Nje wamepanga bilinganya, bamia, pilipili hoho, ndimu, giligilani ya fungu zima kwa bei ambayo supamaketi wanakupa vijiti vitatu kwenye mfuko. Na Jumamosi jioni ndio muda wake, kesho anafunga, nyanya zilizoanza kulegea na maembe yenye madoa anakupangia kwenye kreti anataka ziondoke, ukisimama simama kidogo bila kuonyesha haraka bei inashuka yenyewe. Mtu aliyezoea kununua soko la Mbuyuni hapa Moshi hahitaji Kijerumani.

Kwa mtori, ile supu yetu nzito ya ndizi na nyama, omba kipande kinachoitwa Beinscheibe, ni mguu wa ng'ombe uliokatwa kwa duara, mfupa katikati na uboho wake ndani. Ni nyama ya bei ya chini kwa sababu inataka moto wa muda mrefu na wanafunzi wengi wa kule hawana huo uvumilivu. Sisi tunao.

Duka la Mhindi usilipuuze pia. Unga wa atta wa chapati, choroko, dengu, binzari, iliki, na ulezi upo, wenyewe wanauita ragi. Uji wa ulezi asubuhi ya Januari nje kuna barafu, ee bana, hapo ndio unakumbuka kwa nini bibi alikua anakulazimisha.

Sasa Afro shop, duka la vyakula vya Kiafrika. Najua watu watanuna ila nasema. Kuna niliyokua naenda miezi ya mwanzo, jina naliacha, nilikua naenda kwa sababu ya upweke zaidi kuliko njaa, unasikia watu wanaongea kwa sauti, muziki upo, unajisikia umefika kwa watu. Lakini unga mweupe wa mahindi kilo moja ilikua karibu euro 4, yaani zaidi ya elfu 10 kwa kilo ya sembe, na siku moja nimefungua paketi nakuta wadudu wameshahamia na familia, nimerudisha naambiwa ukishafungua hairudi, sasa ningewaona vipi bila kufungua? Ndizi zao ni zile kubwa za mzuzu, nzuri kukaanga, ila ukizipikia mtori unapata uji mgumu wenye utamu usio na mpango. Ninachokiheshimu pale ni pilipili mbuzi, nyanya chungu, na sato wa kugandishwa, hivyo nafuata mara moja moja. Nyota 2, na moja kati ya hizo ni ya ule muziki.

Sasa ugali bila unga unakulaje? Kuna kitu kinaitwa Weichweizengrieß, ni ngano iliyosagwa chenga chenga, paketi ya nusu kilo haifiki hata euro moja na nusu na iko supamaketi zote karibu na unga. Waafrika wengi kule wanasongea hiyo. Maji yachemke kweli kweli, mwaga kidogo kidogo huku unakoroga, usiende kwa mkono wa sembe kwa sababu hii inakunywa maji haraka sana, ukiacha dakika mbili imeshakua tofali. Haina harufu ya mahindi, hilo sikudanganyi, ila inashikika, inatonga vizuri, na ukiwa na mchuzi wa Beinscheibe na mchicha hulalamiki. Ile polenta ya njano nayo inafaa kwa mtu anayependa dona, mimi hapana.

Ndio maana nasema begi lisijazwe unga. Kilo 10 za sembe unazimaliza kabla hujazoea baridi, na umekosa nafasi ya vitu ambavyo kule huvipati hata kwa hela.

Kitu namba moja ni ndizi. Wengi hawajui kwamba zinaruhusiwa. Toka Desemba 2019 matunda na mboga mbichi ukiingia nazo Umoja wa Ulaya zinatakiwa cheti cha afya ya mimea, hata kama ni parachichi mbili za kula kwenye ndege, isipokua matunda matano tu: nanasi, nazi, duriani, tende na ndizi. Ndizi, Wachaga wenzangu! Katika matunda yote ya dunia wametuachia na sisi letu. Kwa hiyo mimi nachukua mshare, ile aina ya ndizi ya mtori, haswa mshare, kwa mama mmoja Kiboriloni ninayemwambia mapema zisiwe zimekomaa sana, nazikata chana chana kisha moja moja, nafuta utomvu kwa kitambaa kikavu, nafunga kwenye magazeti, zinaenda katikati ya begi nguo zikizizunguka. Nikifika siziweki friji zikiwa na maganda maana baridi inazifanya nyeusi, namenya zote siku hiyo hiyo, mkono umepakwa mafuta, nazitia kwenye maji ya ndimu, nazigawa kwenye vifuko vya mtori mmoja mmoja, friza. Droo yangu ya friza hosteli ni ndizi tupu. Mdada wa Kivietnam tunayeshea jiko alinikuta naponda kwa mwiko, akaonja, sasa akisikia nimerudi kutoka likizo ananiletea bakuli lake kabla sijamaliza kufungua begi.

Maembe, tangawizi mbichi, majani ya maboga, hayo yaache au utafute cheti, kinatolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, na makao yao makuu yapo hapo Arusha, ila kwa fungu la majani sidhani kama ni usumbufu unaolipa.

Nyama na maziwa ndio marufuku kabisa, sio kwamba kidogo sawa, hapana, hata siagi ya kienyeji, hata samli, hata ile nyama ya kukausha ambayo shangazi atakufungia kwa siri kwenye soksi. Mwambie shangazi asante, uiache nyumbani, ile inakamatwa na unaweza kupigwa faini. Samaki ni tofauti, unaruhusiwa hadi kilo 20, kwahiyo dagaa waliokaushwa vizuri wanapita, wafunge mifuko mitatu ya kubana hewa, sio kwa ajili ya forodha, ni kwa ajili ya nguo zako. Asali hadi kilo 2. Majani ya chai beba, chai yao ya vifuko ni maji yaliyopita karibu na chai. Kahawa beba kidogo ya zawadi kwa profesa, ya kunywa mwenyewe nunua kule. Magadi usibebe, sitaki uanze kueleza jiwe la magadi ni nini saa 11 alfajiri uwanjani umechoka, tafuta kipaketi cha Natron kwenye shelfu la vitu vya kuokea, makande na kiburu (ndizi na maharage) vinaiva kama kawaida.

Wale wanaosafirisha mizigo kwa kilo kutoka hapa, uzoefu wangu sio mzuri. Mmoja nilimlipa abebe dagaa na chai, mzigo ukafika umechelewa na dagaa nusu, chai ipo yote. Tangu hapo natumia mtu ninayemjua anayepanda ndege KIA, basi.

Siku za mitihani ambapo kupika ni ndoto, kula Mensa, kantini ya chuo, ukiwa na kadi ya mwanafunzi sahani nyingi nilizokula zilikua chini ya euro 4 na viazi vinajaa. Ladha ni ya hospitali, nenda na pilipili yako kwenye kichupa, hakuna anayekushangaa. Na weka programu ya Too Good To Go kwenye simu, bekari na migahawa wanauza vilivyobaki jioni kwa bei ya chini sana, huchagui, unapewa mfuko unakuta kilichomo. Mara nyingi ni mikate, na mikate ya kule ni migumu inataka meno ya ujana, ila ukiichovya kwenye chai ya nyumbani inakubali.

Halafu nenda kanisani hata kama sio mtu wa kanisani sana. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro 1893 na wazee wa pale bado wanatujua, kuna bibi mmoja alinitajia vituo vyao vya misheni, Machame na Mamba, kwa mpangilio wakati mimi sijamaliza hata kujitambulisha. Huyo ana bustani. Baridi ikianza ananipa mfuko wa Grünkohl, ambayo ni sukuma wiki yenye majani ya kujikunja, ikate nyembamba sana na uipike muda mrefu kuliko ya kwetu.

Mwisho kwa mnaoondoka mwaka huu, Desemba wakati Wachaga wote wanapanda kuja Moshi, kule mchana wa tarehe 24 maduka yanafunga, 25 na 26 ni sikukuu zote mbili hakuna kununua hata chumvi, na 27 ikiangukia Jumapili ndio imekula kwako tena. Nyama chukua kwa Mangi tarehe 23, na uwahi asubuhi.