Taa Zilizonifichia Mikwaruzo

Miezi kadhaa iliyopita nilinunua taa sita ndefu za LED katika duka moja la vifaa vya umeme, Kariakoo, kwa ajili ya gereji ninamopiga magari polishi. Nilimweleza muuzaji kinagaubaga kwamba nahitaji mwanga wa kunionyesha mikwaruzo midogo kwenye rangi, naye akaniapia kuwa hizo ndizo wanazochukua mafundi wote.

Nilipoziwasha, gereji ikawa nyeupe pe, nikafurahi. Kisha ikaja Toyota Crown nyeusi. Niliipiga mashine siku mbili, nikaikagua chini ya taa hizo, boneti ikang'aa kama kioo, nikamkabidhi mwenyewe jioni. Kesho yake, saa sita mchana, alirudi akaiegesha juani na kuninyooshea boneti kidole bila kusema neno: mikwaruzo ya mviringo iliyoachwa na pedi ya mashine yangu ilikuwa imetanda kote kama utando wa buibui. Jua hupiga kutoka upande mmoja, kwa hiyo kila mkwaruzo humeremeta peke yake, ilhali taa zilizotandazwa dari nzima humwaga mwanga kutoka kila upande na kuufuta mmeremeto huo.

Nilirudi dukani kwa heshima zote. Mbele ya wateja wengine, kijana yule alinijibu, "Mzee wangu, taa si zinawaka? Basi nenda ukapime macho." Nimefanya kazi ya rangi miaka mingi, na hakuna neno lililowahi kuniuma kama hilo.

Kwa haki, hakuna taa iliyoungua, na kwa kuosha magari au kusafisha viti zinatosha kabisa, hivyo nilikusudia kuzipa nyota tatu. Lakini boksi limeandikwa CRI 90, maana yake rangi zionekane karibu kama zinavyoonekana juani, na bado gari jekundu chini yake huonekana limepauka, lina ukungu wa buluu. Huo ni uongo ulioandikwa, si bahati mbaya. Nikashuka hadi nyota mbili.

Kilichoniokoa ni taa ndogo ya mkononi, ya kelvini 5000 hivi, yaani mwanga mweupe unaokaribia ule wa jua la mchana, ambayo naishika kwa mshazari karibu na bodi. Ilinionyesha kila mkwaruzo wa Crown, nikairudia yote kwa pedi laini bila kudai hata shilingi. Fedha zangu sijarudishiwa, wala sijaombwa radhi. Sasa nyota moja, na hiyo ni ya zile taa sita. Duka lile halipati kitu.