Walinipangia mwanafunzi anifundishe kompyuta, nusura nimtimue

"Sogea kidogo, madam."

Hiyo ndiyo salamu niliyopewa. Shikamoo hakuna, hodi hakuna. Kijana wa mwaka wa pili kaingia ofisini, waya wa muziki unaning'inia sikioni, kanisubiri niinuke, kakalia kiti changu na kushika mausi. Mimi wima, ofisini kwangu.

Chuoni kwetu kuna mpango wa wanafunzi wasaidizi wa teknolojia: mhadhiri anapangiwa kijana wa kumwelekeza jinsi ya kuendesha kozi kwenye Moodle, mfumo wa kufundishia na kukusanya kazi mtandaoni. Niliomba mwenyewe, simlaumu mtu. Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya 200, na nilishachoka kupanda daladala na kiroba cha karatasi za majaribio.

Kijana anajua kazi, sikatai. Lakini nikimuuliza, "Hapo umebonyeza wapi?" jibu ni "Hiyo usijali, madam." Usijali! Akiondoka ananiachia kozi inayong'aa, ila kubadilisha tarehe ya kukusanya kazi tu siwezi. Baadaye akaniomba nywila, ati amalizie hosteli. Nami kwa uvivu wangu nikampa. Upuuzi mtupu, maana msaidizi anaweza kuandikishwa kwenye kozi kwa jina lake na kupewa ruhusa zenye mipaka. Mwenye nywila yangu anaona maksi, na akitaka anazibadilisha.

Karibu na mitihani nafungua kozi, jaribio la kwanza halipo. Kazi zote za wanafunzi, na maksi nilizoweka usiku huku umeme ukikatika na kurudi, zimeyeyuka. Nikampigia.

"Aah, lile? Niliona la zamani, nikasafisha juzi."

Akacheka. Akacheka jamani! Nikakata simu na kuandika barua ya malalamiko, kurasa 2, yenye maneno ambayo mama wa umri wangu hapaswi kuyajua.

Kabla sijaipeleka, kitengo kinachosimamia mpango kikamtuma msaidizi mwingine, binti. Shikamoo yake niliisikia tangu mlangoni. Akasimama pembeni yangu, mikono kaifumbata nyuma, akagoma katakata kugusa mausi. "Mwalimu, shika wewe, mimi nitakuelekeza." Tukaenda polepole, mara mbili nikapotea, hakuguna. Kumbe ndani ya kozi kuna pipa la taka linalotunza vilivyofutwa, kwa kawaida siku 7 tu. Jaribio langu lilikuwamo. Nikabonyeza kurejesha, tukangoja, likarudi na maksi zake. Nililia mbele ya mtoto wa watu.

Kwa hiyo mpango ni mzuri? Jana ningesema ufutwe. Leo hasira zangu zimehamia kwa wakubwa wa kitengo, kwa sababu nilipomuuliza binti walifunzwa nini, alisema waliketi semina asubuhi moja, wakaonyeshwa mfumo, wakapewa fulana. Namna ya kumfundisha mtu mzima hakuna aliyewaambia. Yeye aliijulia kwa bibi yake, alipokuwa akimwelekeza kutuma pesa kwa simu: ukimshikia simu, kesho anakuita tena.

Sasa binti anaenda field, na nimearifiwa kwamba muhula ujao narudishiwa yule yule wa "sogea kidogo". Nywila nimeshabadilisha, mwenyewe, bila kuelekezwa. Barua bado iko kwenye droo. Na nimenunua kiti cha pili.