TAHADHARI: Kishoka (wakili bandia) anawaandikia wazee wosia na kuondoka na hati za nyumba, Mbagala na Tandika

Ndugu wakazi wa Mbagala, Tandika na maeneo ya jirani, hasa mlio na wazazi wanaoshinda peke yao nyumbani, kuna mtu anayejitambulisha kuwa wakili ambaye anapita kwa wazee akiwaandikia wosia kwa shilingi 350,000, kisha anaondoka na hati halisi ya nyumba kwa maelezo kwamba ataitunza hadi siku ya mirathi.

Baba yangu, mwenye umri wa miaka 74, alimpokea mwezi uliopita. Nilipofungua bahasha ya kaki aliyoachiwa, nilikuta karatasi mbili zilizogongwa muhuri wa wino wa zambarau, na mahali pa mashahidi pametiwa saini na kaka zangu wawili, ambao ndio hao hao walioandikwa kurithi nyumba. Sisi tunafuata mila, na kanuni za sheria za kimila za mwaka 1963 zinataka wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma ushuhudiwe na watu wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mwingine mtu baki, na mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie. Mama alikuwa jikoni siku hiyo na hakuitwa.

Jirani yetu, ambaye ni Mwislamu, aliandikiwa maneno yale yale, kwamba nyumba yote aachiwe mwanawe mmoja, ilhali sharia haimruhusu kuusia zaidi ya theluthi ya mali yake, wala kumuusia mrithi bila ridhaa ya warithi wenzake. Wakili wa kweli angeanza kwa kumuuliza mzee anafuata utaratibu gani wa mirathi, wa mila au wa dini.

Tulitafuta jina na namba iliyo kwenye muhuri katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, ambao mtu yeyote anaweza kuuangalia bure, na hatukuona kitu. Simu yake haipatikani tena. Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba kasoro za wosia kwa kawaida huonekana mahakamani, wakati mwenyewe ameshazikwa na hawezi kuulizwa alikusudia nini. Tunamshukuru Mungu kwamba baba yu hai: ameandika wosia mpya kupitia RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali), ambao huandika na kutunza wosia, na ameeleza humo kwamba ule wa awali ameufuta. Hati bado haijapatikana. Tumetoa taarifa polisi na tunafuatilia zuio kwa Msajili wa Hati ili nyumba isiuzwe wala kuwekwa rehani. Kumbukeni kwamba kuandika wosia hakumlazimu mtu kukabidhi hati halisi kwa yeyote.

Wazee wengine watatu wa mtaa wetu nao wamekwisha kumkabidhi hati zao, na mmoja wao amelazwa huku watoto wake wako mikoani. Tafadhali mpigieni mzazi wenu leo, mumuulize kama ana bahasha ya kaki yenye karatasi za muhuri wa zambarau, na kama hati ya nyumba ameiona kwa macho yake wiki hii.