Uzoefu wangu wa kununua nyumba Tanga: mara moja bila dalali, mara moja na dalali

Tulinunua nyumba yetu jijini Tanga mwaka 2023, baada ya kupanga Makorora kwa miaka tisa, na tangu tuhamie watu hawaachi kuniuliza kama tulipitia kwa dalali au tuliitafuta wenyewe. Jibu langu si fupi, kwa sababu tulijaribu njia zote mbili. Mara ya kwanza tulikwenda wenyewe ili tuokoe fedha ya udalali, tukapoteza fedha nyingine pamoja na miezi mitano. Mara ya pili tulimtumia dalali na nyumba tukaipata, ingawa nusura tulipe mamilioni ambayo mwenye nyumba hakuyaomba. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye amekwisha kuweka akiba yake na sasa anajiuliza kama asilimia anayoombwa na dalali ina maana yoyote.

Nianze na Ngamiani. Anayeijua Tanga anafahamu kuwa barabara za huko hutajwa kwa namba, na kwamba nyumba nyingi ni za zamani, zilizojengwa na babu wa watu ambao leo wametawanyika Dar es Salaam, Mombasa na hata Muscat. Mfanyakazi mwenzangu alitueleza kuwa kuna kijana anauza nyumba ya marehemu baba yake kwa shilingi milioni 38. Tulikwenda jioni ileile. Nyumba ilikuwa imara, ina uani mpana na mwembe, na kijana alikuwa mpole, mwenye nakala za karatasi za baba yake zilizokunjwa vizuri ndani ya bahasha. Mume wangu alipiga hesabu: dalali angetaka asilimia kumi, yaani shilingi milioni 3.8, na kwa fedha hiyo tungeweza kubadilisha bati lote. Tukatoa arubuni ya shilingi milioni moja mbele ya mashahidi wawili, tukaandikiana kwenye karatasi ya daftari, tukarudi nyumbani tukiwa tumeridhika na werevu wetu.

Siku chache baadaye ilinyesha mvua kubwa, nasi tukapita kuitazama nyumba kama inavuja. Haikuvuja. Ila chokaa ya ukuta wa mbele ilikuwa imelowa, na chini yake yakasomeka maandishi ya rangi nyekundu ambayo kila mkazi wa mjini amewahi kuyaona mahali fulani: NYUMBA HII HAIUZWI. Bibi aliyekuwa akichoma vitumbua ng'ambo ya barabara alituona tumesimama tumeduwaa. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mnainunua kwa nani? Nyumba hiyo ina wenyewe saba, na huyo mnayezungumza naye ndiye kitinda mimba."

Alikuwa anasema kweli. Marehemu aliacha mjane, watoto wa kiume watatu na wa kike watatu. Mirathi ilikuwa haijafunguliwa mahakamani, na hakuna aliyekuwa ameteuliwa kuwa msimamizi, hivyo hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye mamlaka ya kuiuza. Hata kwa hesabu ya sheria ya Kiislamu ambayo familia ile ingeifuata, mjane akitoa thumuni yake, yaani moja ya nane, na kila wa kiume akapata mafungu mawili ya wa kike, fungu la kijana wetu halikufika moja ya tano ya nyumba. Tulimdai arubuni kwa miezi mitano. Alirudisha laki sita, kidogo kidogo, kisha akahama mji.

Baadaye nilimsimulia kisa hiki dalali mmoja wa Ngamiani, akacheka mpaka akafuta machozi. Aliniambia kuwa kijana yule alikwisha kumpelekea nyumba ileile mara mbili, naye akaikataa mara zote mbili, kwa kuwa yeye anaishi mtaa wa pili na hataki kufukuzwa na warithi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ninachokilipia ninapomlipa dalali. Nyumba ningeweza kuitafuta mwenyewe, lakini dalali wa siku nyingi anajua nyumba ipi ina kesi, ipi ina mke aliyeachwa ambaye hajakubali kuondoka, ipi imewekwa rehani benki na mwenyewe anaharakisha kuiuza kabla ya mnada. Mgeni, hata akikaa Tanga miaka tisa kama sisi, habari hizi humfikia kwa bahati tu, kama ilivyotufikia sisi kwa muuza vitumbua.

Kwa hiyo safari ya pili tukatafuta dalali. Tulimpata kupitia kwa muuza samaki wetu, ambaye alimsifu kwa kuwa alimtafutia chumba cha kupanga bila longolongo. Ofisi yake ilikuwa kijiwe chini ya mti, na nyenzo zake zilikuwa baiskeli na simu iliyojaa picha. Alitutoza shilingi 10,000 kila alipotupeleka kuona nyumba, iwe nzuri au mbaya, na ninakiri kuwa utaratibu huo siupendi hata leo, kwa sababu unampa dalali faida ya kukutembeza. Tulimweleza kuwa tunataka nyumba ya vyumba vitatu, yenye hati, isiyozidi milioni 60. Ya kwanza aliyotupeleka ilikuwa ya milioni 85, iko Raskazone. Ya pili haikuwa na hati. Ya tatu ilikuwa pagala lisilo hata na lenta.

Kila tulipolalamikia bei, alitutajia Chongoleani. Tangu ilipoamuliwa kuwa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, litaishia kwenye rasi hiyo, na hasa baada ya jiwe la msingi kuwekwa mwaka 2017, neno bomba limekuwa kiungo katika kila bei ya kiwanja Tanga, hata kile kilicho upande wa pili wa mji ambako mafuta hayatapita kamwe. Nilimwambia, "Kaka, sisi hatununui mafuta." Alicheka, na kuanzia siku hiyo akatupeleka kwenye nyumba za uwezo wetu.

Nitampa haki yake. Katika nyumba tisa alizotuonyesha, tatu alituonya mwenyewe tusizinunue, ingawa angepata fedha kama tungezinunua: moja maji yake ya kisima yana chumvi, moja huingiwa na maji kila masika, na nyingine jirani yake alikuwa anagombania mpaka. Mambo haya hayaandikwi kwenye karatasi yoyote. Ya tisa ndiyo tunayoishi, iko Majani Mapana, na niliipenda kabla sijaingia ndani.

Alisema mwenye nyumba anataka milioni 62, bei ya mwisho. Tulipoomba kukutana naye, alikuwa safarini. Wiki iliyofuata alikuwa mgonjwa, na iliyofuata tena alikuwa shamba. Mume wangu, ambaye hana maneno mengi, alimwambia dalali kwamba hatutatoa hata shilingi kumi kabla hatujakaa mkeka mmoja na mwenye mali. Jumamosi moja tukakaa. Mzee alitukaribisha kahawa, tukazungumza habari za mashamba ya mkonge alikofanyia kazi ujana wake, kisha akasema kwa utulivu kabisa kwamba yeye anataka milioni 55 na hapunguzi sana. Dalali alikuwa anatazama viatu vyake.

Hiki ndicho wanachokiita cha juu. Dalali huchukua bei ya mwenye nyumba, akaongeza yake, na tofauti ikawa mali yake, juu ya udalali atakaokuomba. Nilikasirika sana. Tulipotoka nje nilimuuliza kama haoni aibu kuchuma milioni saba kwa watu aliowaita ndugu kwa miezi miwili. Alijibu bila kuona haya, "Mama, mzee amekataa kunilipa. Ninyi mmesema mtaangalia. Sasa mimi nile wapi?" Hasira ilinipungua kidogo, kwa sababu swali lake lilikuwa la haki hata kama njia yake haikuwa ya haki. Kweli tulikuwa tumesema tutaangalia. Hatukupatana naye chochote mwanzoni tukidhani tunajiachia nafasi ya kulipa kidogo, na yeye akaijaza nafasi hiyo apendavyo. Jioni ile tulikubaliana kwa maandishi: shilingi 1,500,000, kiasi kisichopanda wala kushuka hata bei ya nyumba ikibadilika, nusu siku ya kusaini mkataba na nusu baada ya maombi ya uhamisho kupokelewa Ofisi ya Ardhi. Asilimia niliiepuka makusudi, kwani dalali anayelipwa kwa asilimia ya bei hawezi kukusaidia kuishusha.

Kilichobaki, yaani karatasi, hatukumwachia. Aliona tunapoteza muda. Alikuwa na fomu za mkataba za kununua stationeri, zenye nafasi za kujaza majina, na alituhakikishia kuwa muhuri wa serikali ya mtaa unatosha, kwamba amewauzia watu kumi hivyo na wanaishi kwa raha. Sina sababu ya kukataa kuwa wanaishi kwa raha. Lakini muhuri wa mwenyekiti unashuhudia tu kwamba watu wameuziana, wakati kwenye daftari la Msajili wa Hati mwenye nyumba anabaki yuleyule wa zamani mpaka uhamisho usajiliwe. Tukamtafuta wakili, na wakili akaanza kwa kuomba upekuzi, yaani ukaguzi wa kumbukumbu za nyumba kwenye masjala ya ardhi.

Upekuzi ulitoka na jina la mzee na hapakuwa na rehani wala zuio. Hata hivyo, hati ilikuwa ya miaka 33 kuanzia mwaka 1998. Dalali alikuwa ametuambia kila siku kwamba nyumba ina hati, nayo kweli ilikuwa nayo, ila hati yenyewe inakwisha 2031, miaka minane tu tangu tuinunue. Nchini Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na sisi tunapewa haki ya kuimiliki kwa muda, mara nyingi 33, 66 au 99, kwa hiyo hati si kitu cha kutazama jalada na kurudisha. Pia palikuwa na malimbikizo ya miaka kadhaa ya pango la ardhi, yaani kodi ambayo mwenye hati huilipa serikali kila mwaka. Dalali alisisitiza kuwa mzee hana deni lolote kwa sababu kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na nadhani aliamini alichosema, lakini kodi ya majengo na pango la ardhi ni vitu viwili tofauti.

Jambo la mwisho lilinigusa mimi kama mwanamke. Mzee alikuwa na wake wawili, na mke mdogo ndiye aliyekuwa akiishi kwenye nyumba tuliyoinunua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenza, na wakili alikataa kuendelea mpaka bibi huyo aje mwenyewe na kusaini mbele yake. Dalali alipendekeza tumalizane na mzee kwanza, "mambo ya wanawake yatafuata." Nilimtazama tu. Bibi alikuja na binti yake, akaulizwa kama anajua anachosaini, akaeleza vizuri kuliko mumewe kwamba wanahamia kwa mwanawe mkubwa Muheza, kisha akasaini.

Kwa sababu ya hati fupi na deni la pango, mzee alikubali milioni 53 na kulilipa deni mwenyewe. Aliyemshawishi, ajabu, alikuwa dalali, aliyekaa naye barazani jioni nzima, sisi tungemwudhi. Fedha tulipitisha benki. Fomu za uhamisho alizijaza wakili, uthamini ukafanyika, mzee akalipa kodi yake Mamlaka ya Mapato (TRA) na sisi tukalipa ushuru wa stempu wa asilimia moja. Ilichukua miezi minne, na hakuna la kusimulia humo zaidi ya foleni.

Nikijumlisha, dalali alitugharimu shilingi 1,590,000 pamoja na zile elfu kumi kumi za kutembezwa. Wakili alichukua chini ya hapo. Ningemtumia tena dalali yuleyule, na ningemkutanisha na mwenye nyumba wiki ya kwanza. Asingenishikia karatasi yoyote, na upekuzi ningeuomba kabla ya kutoa hata arubuni. Kwa mtu ambaye ananunua kwa ndugu au jirani anayemfahamu tangu utotoni, sioni dalali ataongeza nini. Mlipe wakili peke yake. Kwa anayenunua kiwanja cha mradi uliopimwa, kwa halmashauri moja kwa moja, ni vivyo hivyo.

Mdogo wangu sasa anatafuta nyumba upande wa Kange. Nilimsimulia yote haya kwa saa nzima, nikampa namba ya wakili na ya dalali. Ameanza na ya dalali, na juzi wamekwenda kuona nyumba ya milioni 85.