Mkutano wa injili wa siku nane: dhambi inahubiriwa vizuri, toba inakatikia njiani

Kinachopimwa hapa ni mkutano wa injili wa nje, ule wa Jumapili hadi Jumapili. Jukwaa la mabomba, maturubai, spika zimepangwa juu ya spika, na bango la mhubiri na mkewe wakiwa wamevaa sare. Si mkutano wa kanisa moja. Ni mtindo wenyewe, maana unafanana kuanzia viwanja vya Jangwani, Dar es Salaam, hadi Uhuru Park, Nairobi. Na unapimwa kwa jambo moja tu: mtu akifika pale na dhambi yake, anahudumiwaje? Kwaya na maombi ya uponyaji yana wapimaji wake.

Kiingilio ni bure. Sadaka inapitishwa mara moja, wakati mwingine mara mbili, na anayepita bila kutoa hakuna anayemwangalia vibaya.

Tuanze na saa, kwa sababu kasoro nyingi zinaanzia hapo. Ratiba ya kawaida inafunguliwa saa kumi jioni. Sifa na kwaya zinakula saa nzima, shuhuda na matangazo nusu saa, sadaka robo saa. Mhubiri anakabidhiwa kipaza sauti saa kumi na mbili kasorobo, na giza likiingia watu wanaanza kutafuta daladala. Amebakiwa na dakika 45, na ndani yake anatakiwa kuhubiri, kuita watu na kuombea wagonjwa. Kwa hiyo mwaliko wa toba, ambao ndio ulioleta jukwaa lote lile, unapata dakika tano, tena saa ambayo mama wa watu anawaza moto jikoni. Dawa yake haihitaji fedha: sifa zipunguzwe ziwe dakika 30, shuhuda ziwe mbili, mhubiri apande saa kumi na moja na robo. Kamati zinajua hilo. Zinashindwa kwa sababu kila kwaya iliyoalikwa inadai nyimbo tatu.

Mahubiri yenyewe kuhusu dhambi si dhaifu kama wanavyodai wanaosema makanisa ya leo yanahubiri baraka tu. Siku ya pili na ya tatu mara nyingi zinatengwa kwa dhambi na hukumu, na Ufunuo 20 unasomwa bila kupunguzwa makali: vitabu vinafunguliwa, wafu wanahukumiwa sawasawa na matendo yao. Tatizo ni orodha. Pombe, uzinzi, uganga, basi, kesho tena pombe. Lumbesa haitajwi, ingawa uwanjani wapo wanunuzi wanaomlazimisha mkulima ashindilie gunia hadi lipite kilo 100 kwa bei ya gunia moja. Kopo la kupimia lililobonyezwa kitako halitajwi. Mshahara wa dada wa kazi unaokaliwa miezi mitatu, kiwanja kimoja kilichouzwa kwa watu wawili, "kitu kidogo" cha ofisini: kimya. Mhubiri mgeni hazijui dhambi za mji ule, na wenyeji waliomwalika hawamwambii, kwa kuwa baadhi ya wenye dhambi hizo ndio waliolipia jenereta.

Wapo wanaoziba pengo hilo kwa ukali. Jehanamu inaelezwa kwa sauti ya juu kabisa, kinanda kinanguruma chini yake, watoto wanalia. Hofu hiyo ina nafasi yake, lakini peke yake haifiki mbali, na kisa cha kuonyesha hivyo kimo Matendo 24. Paulo alimweleza liwali Feliksi habari za haki, kiasi na hukumu itakayokuja. Feliksi akaingiwa na hofu, akamwambia aende zake mpaka apate nafasi. Mstari unaofuata unasema alikuwa akimwita mara kwa mara akitumaini kupewa fedha. Mtu alitetemeka kweli mbele ya hukumu, na rushwa yake akabaki nayo. Wahubiri wengi wa mikutano husoma mstari wa 25 na kufunga Biblia. Wa 26 ndio wenye kazi.

Kinachokosekana kinaonekana kwa Yohana Mbatizaji, Luka 3. Naye alikuwa mkali, shoka limekwisha kuwekwa penye shina. Lakini watu walipouliza wafanye nini, hakuwaambia wafumbe macho wafuatishe maneno. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, mtoza ushuru asizidishe kiwango, askari asidhulumu mtu na aridhike na mshahara wake. Kila kazi ilipata jibu lake. Mhubiri anayetaka kufanya hivyo leo akae na wachungaji wenyeji siku moja kabla ya mkutano, aandike kazi tano au sita zinazoulisha mji ule (bodaboda, sokoni, machimbo, ofisi za ardhi, shule), na mbele ya kila kazi aandike dhambi yake ya kawaida na hatua ya kwanza ya kuiacha. Karatasi moja inatosha. Asitaje mtu wala duka; akitaja anakosea, na anaweza kujikuta polisi.

Sasa mwaliko. Mikono juu, njooni mbele, rudieni baada yangu. Sala ya toba ya kuongozwa ina sentensi sita au saba, na neno "dhambi zangu" hupita kwa ujumla wake, bila hata moja kuitwa kwa jina. Desturi ya kuwaita watu mbele ilienezwa sana na mhubiri Charles Finney huko Marekani, hasa katika mikutano yake ya Rochester mwaka 1830 na 1831. Lakini viti vyake vya mbele vilikuwa vya kukalia: aliyeguswa aliketi hapo, akazungumziwa, akaombewa. Sisi tulichukua kuja mbele tukaacha viti. Hata mhubiri Mmarekani Billy Graham, aliyehubiri Moshi mwaka 1960, alisifika kwa kuwafundisha washauri kabla ya mkutano, ili kila anayekuja mbele apokelewe na mtu.

Siku hizi anapokelewa na kalamu. Jina, simu, mtaa, basi. Tarakimu inakosewa kwa sababu ya giza na kelele. Mtoto wa miaka tisa anaandikwa kila siku kwa siku nane na kuhesabiwa waongofu wanane. Baada ya mkutano kadi zinakaa kwa katibu huku makanisa yaliyoshirikiana yakivutana nani achukue nani. Kadi inayofaa ina nafasi ya umri, jina la mkazi wa karibu anayemfahamu mwandikwa, na mstari mmoja wa "jambo ninalotaka kulitengeneza". Namba ipigwe pale pale kuhakikisha inaita. Kadi zigawiwe usiku huo huo kwa mtaa, na mtu atembelewe ndani ya saa 48. Ikipita wiki, mlango unafunguliwa kwa adabu tu.

Kwa kulinganisha, huduma iliyolishika jambo hili vizuri zaidi katika ukanda wetu ni Ushirika wa Uamsho, uliotokana na moto wa uamsho wa Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, baada ya daktari mmisionari Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi kukutana Kampala mwaka 1929. Hauna spika. Ndugu wanakutana kila wiki sebuleni au ndani ya kanisa, mmoja anasimama, anataja alichokosa, anasema anamwendea nani na anarudisha nini, kisha wanamwimbia Tukutendereza Yesu, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu. Katika miaka ile ya mwanzo walioguswa walirudisha vitu vya wizi, wakalipa madeni, na wamisionari wakatubu kiburi cha rangi mbele ya Waafrika walioajiriwa nao. Hayo yalitokana na kuhubiriwa kwa msalaba na dhambi pamoja, katika vikundi ambavyo mtu hakuweza kujificha.

Ushirika nao una magonjwa yake. Ushuhuda unageuka kaida: maneno yale yale, dhambi ndogo ndogo za hasira na usingizi wakati wa maombi. Kwingine wazee wanapima wokovu kwa nywele na urefu wa sketi. Na lipo kosa kubwa zaidi, la kuungama hadharani jambo linalomhusu mtu mwingine. Anayetubu uzinzi mbele ya watu 60 amemwanika pia mwenzake ambaye hakuulizwa. Utaratibu wa wazee wenye busara ni kwamba ungamo liishie pale kosa lilipofika: la siri kwa Mungu na mshauri mmoja, la nyumbani kwa nyumba, la hadhara kwa hadhara.

Kitubio cha Wakatoliki, yaani kuungama kwa padre, kinasifika kwa siri yake na kwa kumtaka aliyeiba akusudie kurudisha. Kasoro yake ni foleni ya Juma Kuu. Mapadre wanne kwa waamini 300, dakika tatu kila mmoja, ni karibu saa nne, kwa hiyo padre anaharakisha na malipizi yanakuwa Salamu Maria tatu, dhambi iwe ipi. Nenda siku ya kazi, wiki ya pili au ya tatu ya Kwaresima, utasikilizwa.

Alama kwa mkutano wa injili, kati ya kumi: mahubiri ya hukumu saba, kuitaja dhambi ya mji nne, mwaliko tatu, ufuatiliaji mbili. Anayekwenda kwa ajili ya toba yake mwenyewe aende siku ya tatu au ya nne, asimame upande wa jukwaa walipo washauri, na baada ya sala asiondoke: amwombe mchungaji mwenyeji, si mgeni, wakutane kesho yake asubuhi kanisani. Kama kuna mali ya mtu, aende na kiasi kimeandikwa. Walawi 6 inataka irudishwe kamili na kuongezwa sehemu ya tano, yaani aliyedhulumu 100,000 arudishe 120,000. Zakayo alijipangia mara nne. Asiyeweza yote kwa mkupuo akubaliane na mwenye mali tarehe za kulipa, mchungaji akiwa shahidi.