Uzoefu wangu: miezi minne ya kozi ya solo za mandolini

Nimekulia Morogoro, mji wa Mbaraka Mwinshehe, na kwetu gitaa la solo ni gitaa linaloimba. Nilipohamia Louisville, Kentucky, nikakuta watu wanaoipenda mandolini, chombo cha nyuzi kinachofanana na gitaa dogo, kwa namna hiyo hiyo. Si ajabu: Bill Monroe, mpiga mandolini maarufu, alizaliwa jimbo hili mwaka 1911, kijijini Rosine, na bendi yake, Blue Grass Boys, ndiyo iliyoupa muziki wa blugrasi, muziki wa Kimarekani wa vyombo vya nyuzi, jina lake. Nikanunua mandolini ya mtumba, nikajifunza kordi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, nikakwama hapo. Kusindikiza nilikuwa naweza. Zamu yangu ya solo ikifika, vidole vinaganda.

Nilikuwa nakariri solo za watu kutoka kwenye zile karatasi za namba zinazoonyesha kidole kikae freti ipi, yaani kati ya vijiti vipi vya chuma shingoni mwa chombo. Siku moja tumekaa duara, mwenye gitaa akaanzisha wimbo niliokuwa nimeukariri wiki nzima, ila kwa kasi kuliko nilivyozoea. Nikakosea mwanzoni tu, na kwa kuwa nilijua namba bila kuujua wimbo, sikupata pa kuingilia tena. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, usiku huo huo nikalipia kozi ya mtandaoni, dola 20 kwa mwezi.

Somo la kwanza mwalimu anakuambia uiweke mandolini mezani uimbe. Mpaka uimalize beti bila kuyumba, usiguse uzi. Kisha unazitafuta sauti zile zile kwenye nyuzi, moja moja, bila pambo. Jioni nne zilikwisha kwenye wimbo mmoja. Mke wangu aliujua kabla sijaupiga vizuri.

Baada ya hapo unafundishwa kujaza, na hapa ndipo pesa yangu iliporudi. Mwimbaji anaweza kuvuta neno mpaka pumzi imwishie. Mandolini haiwezi, ukishauchapa uzi, sauti inazimika upesi. Kwa hiyo kila neno refu linaacha pengo nyuma yake. Wimbo ukiwa wa taratibu, unalijaza kwa kuutetemesha uzi kwa piki, kile kibao kidogo cha kuchapia nyuzi, bila kukoma. Ukiwa wa mbio, unalijaza kwa noti za haraka zinazozunguka kordi iliyopo wakati ule, halafu unarudi kwenye sauti ya wimbo kabla neno linalofuata halijaanza. Piki inashuka kwenye pigo, inapanda kati ya pigo na pigo, na mkono unaendelea kwenda hata pale usipochapa kitu. Hilo la mkono ndilo lililoniponya. Sasa nikikosea noti, mwendo unabaki.

Mfano niliokaa nao zaidi ni Old Joe Clark, wimbo wa jadi unaopigwa sana kwenye ufunguo wa A. Unaanzia uzi mwembamba ukiwa mtupu, unapanda freti ya 2, kisha ya 3. Kidole changu kilikuwa kinakwenda freti ya 4 chenyewe, kwa mazoea ya skeli, yaani ngazi ya noti, ya kawaida ya A, na wimbo ukawa unasikika mtamu lakini si wenyewe. Ile noti ya G ya freti ya 3, iliyoshuka nusu hatua, ndiyo roho yake. Mwalimu anakuchezesha hatua hizo tatu peke yake mpaka sikio likatae lile kosa lenyewe.

Somo la kukata nyuzi, yaani ule mchapo mkavu wa "chak!" kati ya mapigo, ni fupi lakini zuri. Bendi ya blugrasi kwa desturi haina ngoma, na mandolini ndiyo inayoshika kazi hiyo mwenzako anapopiga solo. Usiliruke.

Kasoro kubwa ni upande wa muziki wa kizamani wa Appalachia, eneo la milima mashariki mwa Marekani. Kozi inauahidi kwenye maelezo, halafu inaupa video mbili. Na huko mambo ni tofauti kabisa: kwa kawaida hakuna kupokezana solo. Fidla, banjo na mandolini wote wanaushika wimbo pamoja, sehemu ya kwanza mara mbili, ya pili mara mbili, wanarudia tena na tena. Anayejaza noti nyingi anamfunika mwenye fidla. Mimi nilitaka kujifunza kupunguza, na kozi haikunifundisha. Nilijifunza kwa kukaa karibu na wazee wa fidla na kuwasikiliza. Pia video hazina maandishi chini, na mwalimu anaongea haraka. Kama Kiingereza chako bado kinatafuta njia, utarudisha nyuma mara nyingi.

Kama hujui kordi za G, C, D na A, usilipie bado. Kama unazijua na zamu ya solo inakutisha, lipia miezi miwili, anza na wimbo unaoweza kuuimba jikoni, na ufute zile karatasi za namba kwenye simu. Mimi nimeongeza mwezi wa tano kwa ajili ya masomo ya kupiga nyuzi mbili kwa pamoja.